Simu zangu wameziita kelele

Yahye, Alhamisi ile ya kwanza ya Ramadhani, mke wangu Hinda akitokwa damu nyingi ya uzazi, si nilipanda juu ya tangi la maji hapa Kutulo kutafuta netiweki? Wewe mwenyewe ulishika ngazi. Nikapigia ambulensi, ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika.

Leo wakubwa wa ambulensi wamesema barazani mbele ya watu wote ati sikupiga. Wallahi!

"Mashine yetu ya kuandika simu zinazoingia haina simu yako, mzee," mkubwa wao akasema.

Nikawaonyesha namba yao kwa simu yangu. Ndipo fundi wao wa kompyuta akasema polepole: "Kuna faili linaloambia mashine iandike nini, iache nini. Tulipolitengeneza, simu ikikatika kabla ya kupokelewa tuliipa daraja la chini, la kelele. Mashine inaitupa bila kuiandika."

Kelele, walaal, ndugu yangu! Hinda anakufa, wao wanasema kelele!

Mkubwa wao akacheka: "Ikiandika kila kitu itajaa." Si ijae! Kwani inakula chakula chake?

Hinda harudi, hilo najua. Lakini huku simu zetu zote ni za kukatika. Nikawauliza mara mbili: kabla ya Hinda, ni wangapi walipiga wakatupwa?