Mume Wangu na Jukwaa la Mwalimu

Mshauri mpendwa, naomba msaada maana kichwa kimenivurugika kabisa. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva mstaafu, na aliposikia shule ya zamani aliyosomea inauzwa hakutulia mpaka tukahamia, sasa tunaishi humo, chumba kimoja kirefu chenye kuta nene za mawe na madirisha yaliyowekwa juu ili watoto wasichungulie nje, nuru yote inaangukia mbele kwenye jukwaa la mwalimu, na hapo ndipo mume wangu kaweka kiti chake, mimi na mama mkwe tuko chini. Mshauri, mtu huyu ana kigugumizi, miaka thelathini tumeishi kimya kimya, lakini akikaa pale juu maneno yanatiririka, anatuuliza kwa zamu, "Nani kaacha mlango wazi?" na mama yake wa miaka themanini anajibu, "Si mimi, baba." Juzi nilitaka chumvi nikajikuta nimenyoosha mkono, naye akasema, "Haya, sema." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni uani nikalia. Cherehani yangu iko nyuma gizani, sioni hata tundu la sindano, nikamwomba mume wangu ruhusa ya kumwita mwashi ashushe dirisha moja, akakataa, eti jengo la kihistoria haliguswi. Mama mkwe kaninong'oneza, "Mvumilie, mwanangu, humu walimu walikuwa wanamsimamisha pale mlangoni kila akishindwa kusoma kwa sauti." Dada yangu anasema niende kwake, begi nimelifunga mara mbili nikalifungua. Nikiondoka namwonea, nikibaki nakuwa mwanafunzi. Nifanyeje?
Fundi wa Dawati la Nyuma

Fundi, pole sana, na sasa nikugombeze. Nani alikupangia dawati la nyuma? Umekwenda mwenyewe, ukanyoosha mkono mwenyewe, na ruhusa ya dirisha la nyumbani kwako ukaiomba kama unaomba kwenda msalani. Mume wako namhurumia kwa moyo wote. Kapata mahali ambapo ulimi wake unamtii, nani angependa kushuka? Lakini si wewe uliyemsimamisha mlangoni, wala si yule bibi wa watu.

Dirisha liache. Kesho asubuhi pandisha cherehani jukwaani, kando ya kiti chake, bila kuomba. Akiuliza, mwambie unataka kuona sindano, uendelee kushona. Chumvi ukiitaka, inuka uichukue. Akiendelea kuwaita kwa zamu hata baada ya hapo, beba begi na cherehani uende kwa dada yako, mimi sitakulaumu.

Ila kabla ya begi, jaribu hili. Weka viti viwili pale mlangoni aliposimamishwa, mkae wote wawili, umpe gazeti hili akusomee barua yako kwa sauti. Akikwama kwenye neno, usimmalizie. Msubiri.