Ukanda Niliokata Gitting

Jumamosi, 20 Desemba

Wewe Mama Paulina, ulikuwa wapi? Tangu maharage yavunwe hujafungua daftari hili. Katekista alikufundisha herufi ukiwa na mvi kichwani, ukazitolea jasho, sasa umezitupa kama magunzi. Nani mwingine atasoma haya kama si wewe? Kaa uandike.

Nimekamua. Nimemsuka Agnesi. Ana miaka minne na sauti ya fahali, mtaa mzima umejua anasukwa. Bura, kaka yake wa miaka sita, hataki viatu vipya. Vinamng'ata. Nimemwambia atang'atwa hivyohivyo.

Keshokutwa tunakwenda Gitting, Krismasi kwa wazazi wa Daniel, baba yao. Hawajawahi kuwaona hawa watoto. Daniel alipompa mimba binti yangu Paulina, wazee wake walikaa kimya. Sasa amekuja kuposa, na wazee wanataka wajukuu wafike. Paulina yuko kazini Arusha, hakupata ruhusa. Kwa hiyo ni mimi.

Sitaki kwenda. Nimewalea tangu wananyonya. Naogopa wataniambia niwaache huko. Basi, nimelisema.

Jumatatu, 22 Desemba

Tumefika. Nimechoka mgongo wote.

Bodaboda kutoka Tlawi mpaka Mbulu, sisi watatu na jogoo. Halafu tukapanda basi. Bura akamtapikia mwanamume mmoja mwenye tai. Akafoka. Nikamwuliza kama yeye alizaliwa na tai shingoni. Watu wakacheka, naye akacheka mwishoni, akampa mtoto maji.

Njia nzima nimewaambia: kule mnatembea tu, kwenu ni Tlawi. Nimerudia mpaka Agnesi akaufanya wimbo.

Mama Daniel alitukuta njiani, anakimbia na ndala moja, nyingine imebaki kwenye matope. Vigelegele. Akawabeba wote wawili kwa mkupuo. Mimi nikabaki na jogoo.

Jumanne, 23 Desemba

Mzee, baba yake Daniel, amechinja kondoo. Si wa Krismasi. Wa watoto.

Alikata kanda mbili za ngozi mbichi, akamvika Bura moja mkononi na Agnesi moja. Kwetu pia tunafanya hivyo, nilijua maana yake. Sasa ni wa boma hili. Ukanda haukatwi. Unakaa mpaka uchakae uanguke wenyewe. Ukiukata, umesema mtoto huyu si wa hapa.

Mzee akamshika Bura sikio. "Hili ni la kwangu. Kubwa hivi, lingetoka wapi?" Wote wakacheka. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Rozi, dada yake Daniel, binti wa miaka ishirini hivi, ndiye anayelala na watoto. Asubuhi alilalamika Agnesi amemkojolea kitanda. Nikafurahi mtu amechoka nao. Mawazo gani hayo.

Bura ananusa ukanda wake kila saa. Hataki kuuvua.

Jumatano, 24 Desemba

Nimefanya kitu kibaya.

Nilikuwa nawaogesha uani. Rozi alikuwa ametuletea maji ya moto. Agnesi akaimba ule wimbo, kwetu ni Tlawi. Bura akamkatiza: "Mimi ni wa huku. Babu amesema."

Kisu cha kumenyea viazi kilikuwa karibu. Nikaukata ukanda wake. Nikautupa chini ya sufuria, kwenye moto. Nikamwambia ulikuwa unanuka, na akiulizwa aseme ni mbwa.

Nimemfundisha mtoto uongo, tena mkesha wa Krismasi.

Mama Daniel aliona mkono mtupu mara moja. Bura akaangalia viatu vyake akasema mbwa. "Mbwa gani?" akauliza. Mbwa wao amefungwa tangu tulipofika, kwa sababu Agnesi anamwogopa. Mama Daniel akanusa hewa. Ngozi ikiungua haijifichi.

Akamgeukia Rozi. Kwamba ni yeye, kwa ajili ya kitanda. Kwamba ana roho mbaya, anawafukuza watoto wa kaka yake. Mbele yangu na mbele ya majirani waliokuja kutusalimia.

Rozi akaniangalia. Alikuwa ameona. Mimi mkubwa, yeye mdogo, akashusha macho akanyamaza. Kila asubuhi ananipa shikamoo na maji ya kunawa.

Nami nikanyamaza. Nilikuwa nimeshika taulo.

Mzee hakula mchana. Alikaa peke yake zizini.

Alhamisi, 25 Desemba, Krismasi

Kanisani sikuimba. Rozi alikaa benchi la nyuma, macho yamevimba.

Nyumbani wamenipa kiti kizuri. Wali, nyama, maini yamewekwa kwangu. Mama Daniel akasema mbele ya wote: "Asante, mkwe. Bila wewe hawa wangekuwa wapi?"

Nikasimama na sahani mkononi. Nikasema, Rozi hana kosa. Nimekata mimi. Nimemwambia mtoto adanganye. Naogopa mtawachukua.

Daniel, aliyefika asubuhi kwa Krismasi, akainamisha kichwa. Bura akauliza kama sasa anaruhusiwa kusema ukweli.

Mzee akafuta mikono polepole. "Mkwe, ungeniuliza tu. Watoto wanakaa kwako. Shule yao iko kwako. Nilitaka tu wakija hapa wasipige hodi kama wageni."

Wasipige hodi. Na mimi nimekata.

Mama Daniel hakunitukana. Alitoka nje, akarudi, akaniongezea mchuzi. Afadhali angenitukana.

Nikamfuata Rozi jikoni. Nikamwomba msamaha, mimi mwenye umri wa bibi yake. Hakuinua uso kutoka kwenye masufuria. "Yameisha, bibi." Hayajaisha. Nimeisikia sauti yake.

Jumamosi, 27 Desemba

Mzee amesema aliyekata ndiye anayeleta kondoo mwingine. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Nimekubali.

Nikasema pia watoto wabaki mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Hakuna aliyeniomba. Mama Daniel alinitazama kama hakusikia vizuri, ikabidi niseme mara ya pili, na ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Agnesi alilia nilipopanda bodaboda. Dakika moja. Halafu nikamwona anakimbia nyuma ya vifaranga.

Jumapili, 28 Desemba

Tlawi. Ukungu mpaka saa nne. Nimekamua, maziwa yamezidi, nimempa jirani. Nimepika ugali wa watu watatu kwa mazoea. Nikala kidogo.

Nimechagua kondoo. Yule mweupe aliyenenepa, si yule anayechechemea. Nilimwangalia yule wa kuchechemea kwanza, sitajidanganya.

Sasa sikia, Mama Paulina. Ukienda tena Gitting, usikimbilie watoto. Usiguse nguo zao wala mfuko. Mfunge kondoo, uingie jikoni. Umkute Rozi. Usimngojee akuamkie. Chukua kisu, kaa chini, umenye naye viazi.