Kona ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Imekubali! Modeli yangu imekubali! Maji ya kwenye kompyuta yanapinda sawasawa na maji ya bomba la maabara. Kwenye kona, msukosuko wa maji unazidi kwenye ukuta wa nje, unatulia kwenye ukuta wa ndani. Pacha akanikumbatia mbele ya watu. (Madawati yetu yanatazamana tangu tuajiriwe, ndiyo maana tunaitana hivyo.) Kaomba nakala, ajifunze. Nimempa. Ningemnyimaje?

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu bomba lenye kona mbili. Ya kushoto safi. Ya kulia — aibu! Nje kumetulia, ndani kunachafuka. Kichwa chini miguu juu. Kosa langu: bomba la maabara linapinda kushoto tu, nikasahau kwamba kuna kulia. Nimerekebisha. Nitampa Pacha nakala mpya akirudi. Mkuu wa maabara anasema Pacha ana homa.

Ijumaa, 7 Machi
Homa gani! Tangazo liko mlangoni: Jumanne, mbele ya wahandisi wa bomba jipya la mji, modeli ya msukosuko kwenye kona. Mtoa mada: Pacha. Peke yake! Mkuu kaniuliza kwa nini nilikataa kushiriki. Mimi nilikataa? Ndivyo alivyoambiwa, kumbe. Simu zangu Pacha hapokei. Mama kauliza, si ndiye shoga yako uliyekuwa unamfungashia chakula? Ndiye, mama. Nimelia chooni, nimefungulia maji nisisikike.

Jumanne, 11 Machi
Nimekaa nyuma, naandika magotini. Pacha kavaa suti mpya. Anaongea vizuri, mwizi huyu — hata utani wangu wa kukoroga chai kauchukua! Nakala ni ile ya kwanza. Kona ya kushoto: makofi. Mhandisi wa kike anasema bomba lao linapinda kulia, nyuma ya shule. Ukuta upi waufanye mnene zaidi? Pacha anageuza kona kwenye kompyuta. Wa ndani, anajibu, bila hata kupepesa macho. Mhandisi anaandika. Mungu wangu, anaandika!

Nikinyamaza, ataumbuka siku bomba litakapopasuka. Roho yangu inataka hivyo, nisijidanganye. Nikisema, watauliza kosa la nani. Langu. Ndicho kitu pekee alichoniachia.

Shule iko pale.

Nimenyoosha mkono. Pacha kaniona, uso umemshuka, kisha anatabasamu. "Ndiyo, dada pale nyuma, una swali?"

Dada pale nyuma! Kana kwamba hanijui. Mkuu amegeuka. Mhandisi amegeuka. Naweka kalamu, nasimama.