Kanda ya Hoki Kutoka Kanada

Kimbo, Jumamosi, Machi 1996

Na bado mume wangu anataka watu wa kanisa waje kesho waione hii kanda pia.

Dada yangu aliniambia kwa simu ati Njoroge, mwanangu anayeishi kwake huko Kanada, aliteleza kidogo tu. Leo kanda ya mashindano imefika, hoki ya barafu ya vijana wa nchi nyingi. Picha haina rangi, kanda za Kanada hazipatani na video za huku. Wote wamevaa helmeti, sikujua wetu ni yupi. Halafu mmoja akagongeshwa ukutani, akalala hapo. Dada, ambaye ndiye alikuwa na kamera, akapiga kelele, "Njoroge!" Picha ikageuka ikaonyesha sakafu, ikakatika.

Amepewa jina la marehemu baba yangu, kwa hivyo mimi humwita baba. Nikajikuta nimesimama mbele ya TV nikisema, "Baba, amka. Baba." Na ni jambo la mwezi uliopita.

Anasema amepona, wiki ijayo anacheza tena. Nitamkataza nikiwa wapi?

Watoto wa jirani waliokuja kutazama wakaniambia, "Anti, rudisha nyuma tuone akianguka."

Nikarudisha.