Tundu Kwenye Kiti cha Mama

Wanangu,

Chakula kiko jikoni. Kiti cha mama yenu msikikalie, kina tundu. Bunduki nimeifungia kabatini. Mkihitaji kuishika kabla sijarudi, msiishike.

Asubuhi nilikuwa naisafisha hapa mezani, ~~ikajifyatua~~ nikaifyatua. Nilivuta ule mkono wa chini wa kupakilia mara tano, zikaruka nje risasi tano, nikaridhika bila kuchungulia ndani. Ya sita ilikuwa imebaki. Na kila ukivuta mkono, nyundo inabaki imesimama nyuma. Nikataka kuilaza taratibu kwa kidole gumba huku nimevuta kifyatulio. Kidole kilikuwa na mafuta, kikateleza, nyundo ikapiga. Kitufe cha usalama sikukibonyeza kwanza. Ndiyo, mimi, niliyewachosha na kitufe hicho tangu mkiwa wadogo.

Mama yenu alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kunifuatia sukari jikoni, kwa sababu nililalamikia chai. Aliporudi alikitazama kiti chake, akaweka sukari mezani, akaenda kwa shangazi yenu. Nimemfuata. Ufunguo wa kabati nampelekea yeye, akae nao.

Chai nimeinywa bila sukari.

Baba