Khanga Uliyomtumia Rehema

Wifi Zuhura mpenzi,

Baridi ya huku ughaibuni, Rexdale, inauma masikio, ila sote wazima. Khanga uliyomtumia Rehema ilifika, lakini sikiliza.

Binti yetu kavunja ungo, nami kwa furaha nikabeba pilau na khanga yako hadi uwanja wa barafu anakojifunza kuteleza, nikampasha habari mwalimu wake, mama wa Kirusi. Badala ya hongera, akamkumbatia mtoto akimwambia, "Pole."

Nikawaka: pole ya nini? Akanieleza taratibu, sahani mkononi. Kwao alikuwa bingwa akiwa bado mtoto, mwepesi, akizunguka hewani kama pia. Kisha akarefuka, nyonga zikatanuka, ikawa kila akiruka anaanguka. Walimu wake wakamnyima hata mkate, eti apungue. Mwisho nafasi yake akapewa mdogo zaidi. "Siku nilipovunja ungo," akasema, "mama alilia."

Nikamfunga yeye ile khanga kiunoni, nikapiga vigelegele pale pale, Rehema akininong'oneza kwa Kiingereza niache. Mwalimu alicheka huku machozi yakimtoka.

Tunakukumbuka sana, wifi. Mtafutie Rehema khanga nyingine. Ile imeshapata mwali wake.