Neno Nililolifuta Kwenye Klasi ya Mgonjwa

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila salamu.

Unaikumbuka ile zahanati ya mtaa wa Kikuyu, ya yule daktari aliyefungua ya kwake mara tu watu binafsi waliporuhusiwa kutoa tiba? Ulikuwa umetoka masomoni Dar, ukawatengenezea programu ya wagonjwa, kisha ukaniombea kazi ya kuingiza majina. Ukanifundisha kidogo kidogo. "Mgonjwa ni klasi mzazi, yaani kiolezo ambacho vingine vinarithi kwake," ulisema. "Ina jina, umri, uzito, na kazi ya kupanga dozi. Mtoto ni klasi inayorithi vyote hivyo, ila dozi anaipanga kwa njia yake, kwa kilo."

Nikakuuliza mashine itajuaje itumie dozi ya nani.

"Hiyo nitakueleza nikirudi kutoka Kondoa. Kwa sasa usiguse kitu."

Ukaenda harusini. Mimi nikagusa. Kwenye klasi ya Mgonjwa, mbele ya kazi ya dozi, palikuwa na neno la Kiingereza, virtual, limekaa peke yake kama kosa la kuchapa. Nikalifuta. Programu ikakubali, haikulalamika hata kidogo. Nikajaribu kwa mtu mzima, dozi ikatoka sawa. Nikajiona fundi.

Jumatatu umesharudi, nesi Monika akaingia na nakala ya karatasi ya dawa. "Zuhura, mtoto wa miaka miwili, vidonge vinne vya klorokwini kwa mara moja?" Dirishani walikuwa wameshampa mama yake, naye ameshaondoka kurudi kwao Buigiri.

Sijui tulifikaje. Nakumbuka gari la zahanati likiruka kwenye makorongo, midomo yako ikisoma dua bila sauti, na mimi nimekaa nyuma nimeuma ushungi ili meno yasigongane. Kila mtu aliyetembea kando ya barabara nilidhani anatoka msibani.

Tulimkuta mama amekaa kizingitini, mtoto mapajani. Vidonge vilikuwa vimeshasagwa, viko kwenye kijiko na sukari.

"Nasubiri uji upoe," alisema. "Bila uji anavitapika."

Ulikipokonya kile kijiko kwa nguvu hata mtoto akalia. Kisha ukakaa chini mavumbini, na kilio kile ukakisikiliza kama mtu anayeburudishwa.

Tuliporudi ulifungua programu, ukasogeza kidole kwenye kioo mpaka ukafika pale. "Virtual haipo," ulisema. "Ndilo linaloiambia mashine, kabla ya kuchukua dozi ya mzazi, itazame kama mtoto ana ya kwake. Bila hilo, inamchukulia mtoto kama mgonjwa yeyote." Ukajishika kichwa. "Nimelisahau. Mwanaidi, mimi nimelisahau."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako, dada. Nilifungua mdomo. Daktari akaingia, anapiga kelele, anasema angefungwa kwa sababu yetu, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Ulimwambia kosa ni lako. Akakufukuza palepale, mimi akaniacha.

Tangu hapo hukuandika tena programu. Uliuza vitenge mpaka ugonjwa ulipokuchukua. Ukinitembelea ulikuwa unaniuliza kwa upole, "Hivi nilipitiwa vipi?" nami nakoroga chai ambayo sukari imeshayeyuka zamani. Niliogopa utanichukia. Baadaye niliogopa kwa sababu muda umepita. Ulipolazwa nilikaa kitandani kwako siku nne, kila siku nikisema moyoni, leo.

Binti yako Rehema sasa anaandika programu, kazi uliyoiacha. Jana mchana, tunakula, akauliza, "Mama mdogo, ni kweli mama alikosea ile dozi?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikamwambia yote.

Akauliza, "Mama alijua?"

"Hapana."

Akanawa mikono, chakula hakijafika nusu. "Basi mwandikie yeye kwanza," alisema. "Mimi nitakuja kuisoma hiyo barua, ndipo nijue cha kukuambia."

Nimeandika. Lango limelia sasa hivi, na ninaijua hatua yake, inafanana na yako. Sijui anakuja na nini. Nisamehe, dada, hata kama yeye hataweza.

Mdogo wako uliyembebea kosa,
Mwanaidi